Marehemu wa Safu ya Nyuma

Watu wa hema walikuwa wameshapakia viti vyote kwenye pikapu isipokuwa kimoja, kwa sababu hicho kimoja kilikuwa na mtu. Walimwomba mzee ainuke. Wakamwomba tena kwa adabu, kisha bila adabu, na mmoja wao alipomshika bega ndipo wakajua kwamba walikuwa wakibishana na maiti. Ilikuwa Jumamosi alasiri katika uwanja wa Shule ya Isidori, nje kidogo ya Chakol. Wageni walikuwa upande wa pili wa madarasa wakila wali na nyama, wametoka tu kuwakumbuka wanafunzi wa zamani waliofariki. Umati mzima ulikuja kukumbuka wafu, na hakuna hata mmoja aliyemwona mtu akifa nyuma yake.

Jalada la kifo hicho lilimfikia Inspekta Brigid Amuge baadaye sana, mpelelezi wa kwanza alipohamishwa. Lilikuwa jembamba la kutia aibu. Daktari alisema moyo ulisimama wenyewe: hapakuwa na jeraha wala sumu. Alama za vidole zilipelekwa Nairobi na jibu likarudi kwamba hazimo. Mfukoni mwa marehemu mlikuwa na kitambaa cha mkono na ufunguo, basi. Na mahakama ilikuwa imekwisha kutoa amri kwamba maiti zote zisizo na wenyewe zizikwe pamoja Ijumaa. Jalada lilipotua mezani kwa Amuge ilikuwa Jumanne.

"Madam, hii tufunge tu," alisema Sajenti Egwang, mtu aliyekaribia kustaafu na asiyeona sababu ya kumalizia miaka yake kwa kutembea juani. "Huyu alikuwa mla matanga. Kila mtu Chakol anasema hivyo."

Wala matanga wanajulikana mpakani kote. Husikiliza ni wapi kuna msiba, wakaja na sura ya huzuni, wakala, wakafuta midomo na kuondoka bila kujua hata jina la aliyezikwa.

"Mla matanga hufa akila," alisema Amuge. "Huyu amekufa akisikiliza hotuba. Twende mochari."

Mochari ya Busia iliwatolea mzee mrefu, mkavu, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri siku aliyokufa. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko. Egwang alipapasa mifuko ya suti, ingawa ilikwisha kupapaswa na wengine. Amuge alikifungua kitambaa cha mkono. Kilikuwa kimepigwa pasi na kukunjwa, na mikunjo ilikuwa bado imesimama baada ya muda wote huo. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa maiti, akaugeuza. Kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko kulikuwa na makovu mafupi yaliyonyooka, mengine ya kale, mengine mabichi.

"Fundi wa kuchomelea," alisema Egwang.

"Cheche za kuchomelea huacha madoa. Haya yamenyooka, tena yako mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia ulikuwa umeshika kitu cha moto, wa kushoto unanyoosha nguo mbele yake."

Egwang aliukunja uso. "Pasi."

"Ya makaa. Sasa nani bado anapiga pasi ya makaa kwa kazi?"

"Malaba, nyuma ya soko. Madereva wa malori wakingoja kuvuka wanapelekanga nguo zao huko." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mapumziko ya mchana yamekwisha.

Njiani kwenda Malaba walisimama Chakol kwa Petronilla, mwanamke anayekodiwa kupika katika misiba ya upande ule wote. Walimkuta nyuma ya nyumba akisugua sufuria ambayo mtoto angeweza kuoga ndani yake. Amuge alimwonyesha picha ya marehemu kwenye simu.

"Huyo namjua kwa macho," alisema Petronilla. "Miaka mingi. Anakujanga matanga ya hao wazee wa Isidori wa rika ya Mwalimu Omuse tu. Ya watu wengine sijawahi kumwona."

"Na anakula?"

"Hapo sasa." Petronilla aliacha kusugua. "Chakula yangu hajawahi kula hata siku moja, madam. Namwekea sahani, anasema asante mama, mimi siwezi kula hapa. Nilikuwa naona ni maringo."

Egwang alianza kukagua viatu vyake. Nadharia yake ilikuwa imezikwa bila chai.

"Basi alikuwa anafuata nini?" Amuge aliuliza.

"Kusikiliza. Wakiimba hiyo wimbo ya shule anaimba yote mpaka mwisho, na mimi nimepika huko miaka yote na bado sijaishika. Wakianza kusemea wafu, hatingishiki."

Desturi hiyo ya kusemea wafu haikuhitaji kuelezwa Chakol. Wazee wa Isidori hawasomi wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi. Kila aliyefariki ana mwenzake wa darasa aliye hai, ambaye husimama kila mwaka na kumsema kwa mdomo: alivyokuwa, alivyocheza mpira, makosa aliyofanya akaadhibiwa. Watu hutoka mbali kuja kusikiliza, kwa sababu wazee wale wanajua kusimulia na hawaoni haya kuongeza chumvi.

"Tumekutana na yeye mpaka Rukala," Petronilla aliendelea. "Hata ule wakati wa mafuriko, sanduku likavushwa kwa mashua, yeye alikuwa hapo, suruali amekunja kwa magoti. Sigalame tu ndio hajawahi kufika. Tumepika Sigalame mara nyingi, haji."

"Uliwahi kumsikia akisema kitu kingine?"

Petronilla alicheka. "Siku moja tu. Mwalimu Omuse alikuwa anasema mmoja wao, vile waliruka ua wakaiba mapera ya katekista. Watu wamecheka. Huyo mzee yuko hapo karibu na jiko yangu, akasema polepole, 'Ilikuwa miwa.' Nikamuuliza, mzee unasema? Akanyamaza."

"Marehemu aliyekuwa anasemwa ni nani?"

"Hao wafu wao ni wengi, madam, na mimi nilikuwa na wali kwa moto."

Walimwacha na sufuria yake. Amuge aliondoka na neno hilo moja, miwa, bila kujua atalifanyia nini.

Nyuma ya soko la Malaba kulikuwa na vyumba vya kupanga vilivyopangana ukuta kwa ukuta, na mwenye vyumba hivyo, mama mnene mwenye macho makali aitwaye Anyait, alipouona ufunguo mkononi mwa Amuge aliketi chini kwenye ngazi. Hakuhitaji kuonyeshwa picha.

"Mzee Pasi," alisema. "Mimi nilijua amerudi Tororo, huko Uganda, kutembea. Nyumba yake sijapangisha mtu. Nilisema acha nimngoje."

Ufunguo ulifungua mlango wa bluu wa chumba cha mwisho. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa, meza iliyofunikwa blanketi, pasi mbili za makaa na redio ndogo. Amuge aliiwasha redio. Ilikuwa kwenye stesheni inayotangaza vifo jioni.

"Hiyo saa ya matangazo ya vifo huwezi kumsemesha," alisema Anyait mlangoni. "Ikitajwa mtu wa Isidori, kesho yake anapiga pasi suti yake mwenyewe."

"Watu wake ni wa wapi?"

"Hakusema. Alikuja hapa kutoka Tororo, na Kiswahili yake ilikuwa ya Kenya, hiyo nilisikia. Nilimuuliza kama ana watu. Akasema watu wake walimaliza kumlilia zamani. Mimi nikaona mzee ameanza kuchanganya maneno."

"Kuna mtu alikuwa anamwogopa?"

Anyait alitikisa kichwa. "Kuogopa, hapana. Lakini siku ya soko, wakati akina mama wa samaki, hao wa omena, wanashuka kutoka Funyula, anafunga mlango na dirisha, na makaa ikiwa ndani. Nikamwambia wewe mzee utakufa na moshi. Akasema kuna mtu hapo nje nitamshtua bure."

Waliporudi kwenye gari Egwang hakuwasha injini. "Mkimbizi wa sheria," alisema. "Aliua mtu zamani, akaenda Uganda."

"Muuaji haendi kwenye msiba wa watu wanaomjua, akaimba." Amuge alikuwa akitazama malori yaliyopangana kuelekea mpakani. "Anajua wimbo wote, kwa hiyo alisoma Isidori. Anafuata misiba ya wazee wa rika moja, kwa hiyo hao ni darasa lake. Nairobi hawana vidole vyake, maana yake watu walipokuwa wakichukua vitambulisho yeye hakuwepo nchini. Sigalame hafiki, na Sigalame iko upande huo huo wa Funyula wanakotoka akina mama wa omena. Wala haogopi kukutana na polisi, anaogopa kukutana na nyumbani."

"Basi tuulize wazee nani wa darasa lao alipotea."

"Tuulize kwanza kuhusu miwa," alisema Amuge.

Mwalimu Omuse, mwenyekiti wa wazee wa Isidori, aliwapokea asubuhi iliyofuata sebuleni kwake, chini ya picha kubwa ya timu ya mpira ya shule. Alikuwa mtu wa sauti nene na shati safi, na swali la Amuge lilimuudhi.

"Inspekta, darasa letu mimi nalijua mtu kwa mtu. Walio hai siku hiyo tulikaa mbele. Waliokufa nimewasemea mwenyewe ama nimesikia wakisemewa. Huyo si wetu. Ni mimi nilisema awekwe nyuma."

"Ulisema awekwe nyuma?"

"Watu walikuwa wananung'unika, kila msiba yuko. Nikawaambia hao wa itifaki: msimfukuze, lakini asikae karibu na sisi."

Amuge aliliacha hilo kando. "Mwalimu, uliiba miwa ya katekista na nani?"

"Mapera," alisema Omuse haraka.

"Mapera ndiyo hadithi. Mimi nauliza habari ya miwa."

Omuse alitazama mlango kana kwamba mtu atamsikia. "Hiyo nani amekuambia? Hiyo hakuna mtu anajua. Katekista alimpiga mtoto wake viboko akifikiri ni yeye amekata ile miwa, na huyo mtoto sasa ni mzee mwenzangu, anakaa safu ya mbele na bado ana hasira. Ndiyo maana nilibadilisha nikasema mapera. Tulikuwa wawili tu."

"Wewe na?"

"Oduori. Alfonsi Oduori wa Sigalame. Lakini Oduori alikufa Uganda wakati wa ile vita. Alikuwa karani wa reli hapo Tororo. Tulimzika, nilibeba sanduku mimi mwenyewe."

"Ulimwona ndani?"

Mkono wa Omuse ulitafuta mkono wa kiti.

"Hakukuwa na maiti," alisema. "Ulikuwa mgomba."

Amuge ni Mteso, lakini amekulia mpakani na jambo hilo halikuwa geni kwake. Katika koo za kule kusini mtu akipotea, akangojwa mpaka matumaini yaishe, wazee hukata mgomba wa kimo chake, wakauvika shuka, wakaulaza ndani, ukaliliwa usiku kucha kisha ukazikwa. Kuanzia siku hiyo aliyepotea ni marehemu, na roho yake inatulia. Ubaya ni kwamba wazee wale hawakuacha nafasi ya kukosea. Akirudi mzima, ni mfu anayetembea, na wanaamini kwamba akivuka lango la boma au akila chakula cha watu waliomlilia, atawaletea kifo. Amuge alimkumbuka Petronilla na ile sahani iliyorudishwa.

"Ulijua ulikuwa mgomba," alisema, "na kila mwaka unasimama kusema amekufa."

"Mwaka wa kwanza nilisema amepotea." Sauti nene ya mwalimu ilikuwa imepungua. "Mwaka uliofuata nikasema amefariki. Baadaye nikasema amefariki akitoa watoto kwa reli, treni ikija. Watu waliipenda sana hiyo. Niliisema mpaka nikaiamini, Inspekta. Niliweza hata kuona hao watoto."

Amuge alimpa simu. Omuse alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Aliitazama ile picha mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe, na hakuomba kiwashwe.

"Ni Alfonsi," alisema. "Alikuwa anakaa nyuma yangu."

"Siku ile alipofariki, ulimsemea nini?"

Egwang, ambaye hajulikani kwa kuona aibu, alisimama akaenda kutazama picha ya timu ya mpira.

"Mwaka huu hatukumsemea," alisema Omuse. "Kamati ilisema wafu wamekuwa wengi na programu ni ndefu, wale wa zamani waachwe. Mimi kama mwenyekiti nilikata wa kwangu kwanza, ili wengine wasilalamike."

Daktari alikuwa ameandika kwamba moyo ulisimama wenyewe, na Amuge hakuwa na sifa za kuongeza neno kwenye taarifa ya daktari. Lakini alimwona mzee yule amevaa suti yake, amesafiri kutoka Malaba, amekaa pale alipowekwa, akingoja zamu yake ya kutajwa mpaka watu wakainuka kwenda kula. Ilimuuma. Omuse alikuwa akilia bila kujificha, mtu mzima mwenye picha ya ushindi ukutani. Aliomba kwenda nao Sigalame. Amuge alimwambia ajitayarishe kwa mazishi, kama yatakuwepo, kwa sababu bila ndugu wa damu au mke kusema huyu ni wetu, kesho kutwa Alfonsi Oduori angeingia kwenye shimo moja na watu asiowajua.

Boma la akina Oduori lilikuwa kwenye mteremko, na mdogo wa marehemu, Barasa, alikutana nao kabla hawajafika mlangoni. Ilikuwa Alhamisi, jua limeshapanda. Alikuwa mzee mwenye fimbo na heshima zake, na alisikiliza maelezo yote ya Amuge akiwa amesimama. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea upande wa shamba. Kulikuwa na kaburi la udongo, limepaliliwa mpaka likang'aa, na maua mekundu yamepandwa pembeni.

"Ndugu yangu ni yule pale," alisema. "Huyo wenu simjui. Zikeni."

"Hutaki kuona picha?"

"Ya nini, na ndugu yangu amezikwa?"

"Mzee Barasa, nimekuambia ndugu yako alikuwa hai mpaka juzi juzi. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na kila mtu niliyempa habari ya namna hiyo, hata kama haamini, huuliza swali moja kabla ya yote. Wewe hujaniuliza."

"Swali gani?"

"Alikuwa wapi."

Barasa aliishusha fimbo. Alitazama nyuma yake kuelekea nyumba ndogo ya bati iliyokuwa mwisho wa boma, na alipoanza kusema tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Madam, mimi nakuheshimu. Usimwambie huyu mama. Amekuwa mjane wa heshima hapa, amelea watoto, hajawahi kutoka. Sasa utamwambia nini? Wacha iishe hivyo. Wewe pia una wazazi."

"Kesho ndiyo Ijumaa, mzee. Haiwezi kuisha hivyo."

"Nini haiwezi kuisha?" aliuliza mwanamke nyuma yao.

Nabwire, mke wa Alfonsi Oduori, alikuwa ametoka shambani na jembe. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na matope yalimfika vifundoni. Barasa alimwambia kwa lugha yao arudi ndani. Hakurudi. Amuge aliona hakuna njia laini ya kufanya jambo lile, akamwamkia, akamwambia yeye ni nani na kwamba kuna mzee mochari ambaye kaunti itamzika kesho asipopata mwenyewe, akampa simu.

Mama yule aliishika kwa mikono yote miwili. Aliitazama picha, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Amezeeka vizuri," alisema.

Egwang alivua kofia.

"Alikuwa wapi?" aliuliza Nabwire, na Barasa akatazama chini.

"Malaba, Mama. Alikuwa anapiga pasi, nyuma ya soko."

"Soko ya Malaba mimi nauza omena."

"Najua."

"Nyuma hapo kwa nyumba za Anyait?"

"Mlango wa mwisho. Wa bluu."

"Huo mlango naujua," alisema Nabwire. "Nakuwanga karibu na huo mlango. Siku ya soko unakuwanga umefungwa." Alimrudishia Amuge simu. "Kesho nitakuja mochari kumwona. Andika jina langu, andika mimi ni mke. Na mwambie huyo wa kaunti asiguse mtu wangu."

Kwa kazi ya polisi, hapo jalada lilikuwa limekwisha. Maiti imepata jina na mwenyewe, na Egwang alikuwa ameshatoa kalamu. Lakini Barasa alikuwa bado na neno.

"Atazikwa wapi?" alisema. "Kaburi lake liko pale. Mtu mmoja hawezi kuwa na makaburi mawili kwa boma moja, wewe unajua, tutakwisha. Na kaburi lililofungwa halifunguliwi."

"Tutalifungua tutoe mgomba," alisema Nabwire. "Nimeupalilia miaka yote hiyo. Inatosha."

"Aliyefunga ndiye anafungua. Ni mimi nilitupa udongo wa kwanza."

"Basi ni wewe utafungua." Alimpa jembe lake, na Barasa, bila kukusudia, akalipokea. Walibaki wametazamana, wazee wawili walioishi boma moja umri wao wote. Amuge alijua swali linalokuja. Angeweza kumwita Egwang, akaaga, akaondoka akiwa amefanya kazi yake vizuri. Hakuondoka.

"Barasa," alisema Nabwire. "Huyu mtu alikaa Malaba bila kujaribu kuja nyumbani? Niambie. Nataka kujua nimkasirikie nani."

Barasa alimtazama Amuge kana kwamba yeye ndiye angemjibia.

"Alikuja," alisema Barasa. "Asubuhi moja, vita ikiwa imeisha. Nilimkuta hapo kwa lango, amesimama nje. Alijua sheria, hakuingia. Nikamwambia tulikulilia, tulikuzika, ukiingia hapa watoto wako watakufa. Nilikuwa naogopa, Nabwire. Watoto walikuwa wadogo. Nikamwambia aende."

"Akasema nini?"

"Akauliza wewe uko wapi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umeenda maji. Akasema basi nimngoje nimwone tu, nitaenda. Nikamwambia asingoje."

Nabwire aligeuka. Kutoka langoni njia ilishuka katikati ya mihogo mpaka kwenye kisima, na mwanamke mmoja alikuwa pale chini wakati huo huo akijaza mtungi. Rangi ya leso yake ilionekana vizuri, na mlio wa ndoo ikigonga jiwe uliwafikia pale waliposimama.

"Ungeniita tu, Barasa," alisema. "Ningesikia."